Kitabu hakipo maktaba yetu, nifanyeje? Maswali yenu wiki hii

Wengi mmeuliza habari ya kuazima vitabu vya maktaba nyengine kupitia maktaba ya chuo, basi nakujibuni.

Nimetafuta mara tatu kitabu alichoniambia supavaiza, hakipo. Ninunue? (Mwanafunzi, Tunguu)

Usinunue kwanza mwanangu. Nenda kaunta, mwambie mkutubi unataka kuazimiwa kutoka chuo chengine, maana anaeazima ni maktaba sio wewe, yenyewe ndio inakudhamini. Na nenda na maelezo kamili, mwandishi, jina la kitabu, mwaka, toleo na ISBN, ile namba ya nyuma ya jalada kwenye vile vistari vyeusi, tangu 2007 ina tarakimu 13, zamani zilikua 10. Toleo khasa usilisahau. Kuna kijana alikuja na picha ya jalada kwenye simu, imekatika nusu, tukaagiza hivo hivo, kikaja toleo la zamani na ile sura anayoitaka haimo kabisa, na kazi anatakiwa akabidhi jumaatatu. Roho iliniuma sana.

Nataka sura moja tu, lazima kitabu kizima kivuke bahari? (Wete)

Hapana dada angu. Omba skani ya hiyo sura, inakuja kwa imeili. Kitabu kizima usiombe kuskaniwa, hakimiliki hairuhusu. Kama unatafuta makala za afya, uliza kwanza kama chuo chako kimejiunga na Hinari, mpango wa WHO, Shirika la Afya Duniani, ulioanza 2002 wa kusoma majarida ya afya mtandaoni kwa nchi kama zetu, usije ukasubiri wiki mbili kitu ambacho ungekisoma leo leo.

Na magazeti ya zamani ya Unguja?

Hayo hayaazimwi. Nyaraka zinasomwa pale pale zilipo, kwaio nenda Kilimani, Nyaraka za Taifa, na penseli yako, wino na karatasi kongwe havikai pamoja.

Kitabu cha kuazimwa kimeniroa kwenye boti, nakirudishaje?

Pole sana. Usikianike juani wala usizibandue kwa nguvu kurasa zilizogandana, zitachanika. Tia karatasi kavu baina ya kurasa, badilisha zikiroa, na kipeleke kaunta leo hii hii, kile kikaratasi kilichobandikwa juu ya jalada usikitoe, ndicho kinachoonesha maktaba iliyokitoa na tarehe yake ya kurudi. Ukisema mapema maktaba yako itazungumza na wenyewe, ukinyamaza watakaokosa kuazimiwa ni wenzako.