Mnakula nini huko Thailand? Jibu la wazi kwa anayekuja kazini

Wanaojiandaa kuja Thailand, hasa walimu wa Kiingereza, huuliza maswali yale yale, na wazazi wao huyarudia: ugali upo? Ni kweli mtalishwa wadudu? Mwislamu ataishi vipi? Jibu la jumla ni kwamba njaa haitakupata. Wali, nazi, samaki, ndizi, muhogo, papai, fenesi, ukwaju, mchaichai na pilipili vimejaa, na mtu wa Tanga au Lamu akiingia sokoni alfajiri hatajiona mgeni sana. Kinachowasumbua watu ni vile visivyoonekana kwenye sahani: mafuta ya nguruwe kwenye kikaango, damu kwenye supu, samaki mbichi kwenye kachumbari, sukari karibu kila mahali. Ukishajua vinakojificha, yaliyobaki ni mazoea.

Tuanze na ugali, maana ndiyo roho ya swali. Tatizo la kwanza ni jiko, unga unafuata. Vyumba vingi vya kupanga mijini havina jiko kabisa. Una kitanda, bafu na kibaraza, na wenye nyumba wengi hawataki mtungi wa gesi ndani. Ndiyo maana wenyeji wenyewe hula nje au hununua mchuzi uliofungwa kwenye mfuko wa plastiki kwa mpira. Utanunua sufuria ya umeme ya wali na kikaango cha umeme chenye kina, basi. Tatizo la pili ni unga. Kwenye maduka makubwa kuna pakiti ya unga mweupe laini yenye picha ya hindi. Usidanganyike. Ule ni wanga wa mahindi, wa kufanyia mchuzi uwe mzito. Ukiusonga utapata gundi inayong'aa. Mahindi mengi yanayolimwa hapa ni ya njano na huenda kwenye chakula cha mifugo, kwa hiyo unga wa sembe kama wetu si bidhaa ya kila duka.

Wengi huangukia semolina, ambayo Wahindi huiita suji. Bangkok ipo kwenye maduka ya Kihindi eneo la Phahurat, pamoja na unga wa atta wa chapati, dengu, bizari na unga wa mahindi ya njano. Kipimo cha kuanzia ni vikombe 2 vya maji kwa kikombe 1 cha semolina. Maji yakichemka, punguza moto, mwaga unga kidogo kidogo huku unakoroga, kisha funika dakika 3 kabla hujaamua kuongeza. Hapo ndipo watu hukosea. Semolina hunywa maji polepole. Ukiuona mwepesi ukaongeza unga papo hapo, baada ya dakika tano una tofali.

Lakini kabla hujahangaika na unga, onja khao niao, wali wa kunata wa Isan, yaani kaskazini mashariki, na wa mikoa ya kaskazini. Huliwa kwa mkono. Unakata tonge kwenye kikapu kidogo cha mianzi, unalifinyanga kwa vidole, unachovya. Kuku wa kuchoma, kachumbari ya papai na tonge hilo vitakunyamazisha hamu ya ugali kuliko semolina yoyote. Ukitaka kuupika mwenyewe, nunua mchele wenyewe wa kunata, loweka kwa muda wa saa nne au usiku kucha, mwaga maji, upike kwa mvuke kama dakika 20 hadi 25, ukiugeuza katikati ya upishi. Usiuchemshe kwa maji kama wali wa kawaida: utakuwa uji mzito usioshikika. Na ukishaiva, weka kwenye chombo chenye mfuniko, kwa sababu ukipigwa na upepo hukauka na kuwa mgumu.

Chakula cha kila siku cha mfanyakazi ni khao kaeng. Ni meza yenye sinia kadhaa za michuzi na mboga. Unaonyesha kwa kidole mbili au tatu, unawekewa juu ya wali. Sahani ya mtaani ni kama baht (fedha ya hapa) 50 hadi 70 sehemu nyingi, zaidi kwenye maeneo ya watalii. Nenda mapema. Sinia hizo hupikwa mara moja asubuhi na hukaa bila moto; za saa tano zina nafuu, za saa tisa alasiri zimeshakaa kwenye joto siku nzima, na hasa zenye tui huchacha upesi. Jioni hamia kwa anayepika ukiona, kikaango kimoja kwa mteja mmoja.

Kuhusu tui, hapa mwenzetu wa pwani yuko nyumbani. Sokoni nazi hukunwa kwa mashine na tui huuzwa limekamuliwa, la kwanza zito mbali na la pili jepesi. Tofauti iko kwenye mapishi: mpishi huchukua tui zito kwanza, hulichemsha mpaka lipasuke na mafuta yaelee juu, ndipo hukaanga viungo vilivyopondwa ndani ya mafuta hayo, kisha huongeza nyama na tui jepesi. Sisi tumezoea kukoroga tui lisikatike. Wao hulikata makusudi. Kwa hiyo ukiona mafuta ya kijani au mekundu yameelea kwenye mchuzi, haujaharibika.

Sasa vilivyojificha. Nguruwe ndiye nyama ya kawaida kabisa. Ukiagiza phat kaphrao, nyama ya kusaga iliyokaangwa na kitunguu saumu, pilipili na majani ya jamii ya kivumbasi, bila kutaja nyama, mara nyingi utaletewa ya nguruwe. Taja: kai ni kuku, nuea ni ng'ombe, kung ni kamba, mu ni nguruwe. (Yai ni khai, na kwa sikio letu khai na kai ni kitu kimoja, kwa hiyo onyesha na kidole.) “Mai ao mu” ni sitaki nguruwe. Lakini kumbuka, hata ukipewa kuku, kikaango ni kile kile, na kitunguu saumu kinachomwagwa juu ya tambi huenda kimekaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Kwa Mwislamu hilo halitatuliwi kwa kuomba nyama nyingine. Tafuta vibanda vyenye mwezi na nyota au maneno “ahan isalam”, chakula cha Kiislamu. Hapo kuna khao mok kai, wali wa manjano wenye kuku ambao mla biriani ataujua kwa harufu tu, na mchuzi wa massaman wenye mdalasini, iliki, karanga na viazi. Mikoa ya kusini kabisa, Pattani, Yala na Narathiwat, Waislamu ndio wengi na mambo ni rahisi. Kaskazini itabidi utafute. Bidhaa nyingi za dukani zina alama ya halali. Zoea kuisoma, hata kwenye biskuti.

Damu iko kwenye tambi. Supu ya tambi iliyokoza rangi ya kahawia, inayoitwa kuai tiao ruea au nam tok, hupewa uzito wake na damu ya nguruwe au ng'ombe. Waislamu na Waadventista Wasabato wameila wakidhani ni viungo. Ukitaka isiwe na shaka, agiza supu nyeupe, “nam sai”, na uulize nyama. Ukiona kibendera cha njano chenye herufi nyekundu เจ, hapo hakuna nyama, wala sosi ya samaki, wala mafuta ya mnyama. Vibendera hivyo hujaa mitaani wakati wa sikukuu ya kutokula nyama, kwa kawaida karibu na Oktoba.

Kilichojificha chenye madhara makubwa zaidi kiko Isan, na hapa sitapamba maneno. Kuna koi pla, samaki mbichi wa maji baridi aliyekatwakatwa na kukamuliwa ndimu. Samaki hao hubeba minyoo ya ini, na minyoo hiyo ikikaa miaka inaweza kusababisha saratani ya mirija ya nyongo; kaskazini mashariki ya Thailand ni kati ya sehemu zinazoongoza duniani kwa ugonjwa huo. Ndimu haiui minyoo, pilipili haiui, pombe haiui. Moto ndio unaoua. Mwenzako kazini akikukaribisha kwa moyo mweupe, sema “kin dip mai dai”, sili kibichi, uchukue kuku. Hatakasirika, wizara yao ya afya yenyewe imehimiza watu kula kilichoiva kwa miaka mingi.

Hilo linatuleta kwenye som tam, kachumbari ya papai bichi, ambayo utaila sana. Simama uangalie inavyotengenezwa. Muuzaji hutwanga kitunguu saumu na pilipili kwenye kinu cha udongo kwa mchi wa mti, hutia maharage mabichi marefu, nyanya, sukari ya mnazi, ndimu, sosi ya samaki, kisha papai lililochanwa nyuzi nyuzi. Mkono mmoja unatwanga taratibu, mwingine unageuza kwa kijiko ili papai liloe bila kusagika. Kabla hajatia pilipili ana sekunde tano za kukusikiliza, basi ziwahi. “Phrik met diao” ni pilipili moja, na moja inatosha: ni ndugu wa pilipili kichaa. “Mai phet”, isiwe kali, husikika lakini kinu alichotwangia mteja aliyetangulia bado kina ukali. (“Ph” hapa husomwa p, si f.) Taja pia aina: som tam thai ina karanga na kamba wakavu wadogo, ni salama kwa anayeanza. Ile ya pu pla ra ina kaa mbichi wa chumvi na maji ya samaki waliovundikwa; harufu yake huwatoa wengi mbio, na kaa yule ni mbichi. Ukiipenda pla ra, uliza iliyochemshwa, “pla ra suk”.

Ukiungua mdomo, maji baridi hayasaidii kwa sababu ukali wa pilipili hauyeyuki kwenye maji. Kula wali, tango, au kunywa maziwa. Na kwenye tambi, usimwage vikopo vinne vya mezani kabla ya kuonja. Ni sukari, pilipili kavu ya unga, sosi ya samaki yenye pilipili, na siki yenye pilipili. Mwenyeji huonja kwanza, ndipo hurekebisha. Vinywaji navyo ni vitamu kupita kiasi. “Wan noi” ni sukari kidogo, na bado vitakuwa vitamu.

Wadudu? Hakuna anayekulisha kwa nguvu. Nyenje wa kukaanga na mabuu ya mianzi huuzwa kama vitafunio vya jioni, na mtu wa Bukoba aliyekula senene hana cha kushangaa. Tahadhari ni moja tu: ukidhurika na kamba, wadudu nao wanaweza kukudhuru vilevile.

Mboga hazina shida. Phak bung inayokaangwa haraka kwa moto mkali na kitunguu saumu ni jamaa ya matembele, na phak khana itampoza mtu wa sukuma wiki. Tatizo ni wanavyokaanga kwa dakika moja tu, sisi tumezoea kulainika. Shokishoki, fenesi na doriani vipo. Doriani usipeleke hotelini wala kwenye treni za mjini, utarudishwa mlangoni. Muhogo usichimbe shambani wala usinunue kwa mkulima kando ya barabara: nchi hii husafirisha muhogo mwingi nje, na mwingi ni wa kiwandani, mchungu wenye sumu. Nunua ule unaouzwa sokoni kwa kuliwa. Dagaa wakavu utawapata. Maharage mekundu yapo pia, ila wenyeji huyala kama kitu kitamu, na muuzaji atacheka akisikia unayatia chumvi.

Maji ya bomba usinywe. Mashine za maji mitaani hujaza chupa kwa kama baht 1 kwa lita. Barafu yenye umbo la bomba na tundu katikati hutoka kiwandani. Ile iliyopondwa kutoka kwenye pande kubwa huwekwa chini na kuburutwa, iache kwenye glasi. Tumbo likiharisha wiki za mwanzo, mara nyingi ni vijidudu vya kwenye chakula au maji. Kunywa maji ya chumvi na sukari kutoka duka la dawa, au changanya mwenyewe: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Homa au damu kwenye choo, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kazini mtakula pamoja, vyakula vikiwa katikati. Kijiko mkono wa kulia ndicho kinachoingia mdomoni, uma wa kushoto husukuma; vijiti ni vya tambi. Chukua kijiko kimoja cha kitu kimoja kwa kijiko cha pamoja, kula, ndipo urudi. Kurundika sahani mara moja huonekana ulafi, hata kama kwetu ndiyo heshima kwa mpishi. Ukishiba sema “im laeo”, la sivyo mama wa kantini ataendelea kukuongezea.

Kwenye begi weka majani ya chai, maana chai yao ni ya rangi ya machungwa yenye harufu ya vanila na maziwa ya kopo, na mwiko wako mwenyewe, kwa sababu vijiko vya mbao vya huku ni vyembamba na huvunjika ugali ukianza kukaza. Mengine nunua huku huku.