Kabla Hujanunua Sili Nyingine ya Difu, Angalia Brida

Hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, lori likiingia gereji na oili imetapakaa kwenye tairi la nyuma, dereva huwa ameshamaliza uchunguzi wake: "Fundi, sili imekufa." Kweli, mara nyingi sili, ile raba inayozuia oili isivuje, imekufa. Lakini kubadilisha sili bila kujua kilichoiua ni kumtajirisha muuza spea wa soko la Kisekka, Kampala, tu.

Difu, yaani gia zilizo katikati ya ekseli ya nyuma zinazopeleka nguvu kwenye tairi, ikivuta mzigo inapata moto. Hewa iliyo ndani ya ekseli inapanuka na lazima itoke. Inatokea kwenye brida, kile kidude kidogo kilichofungwa juu ya ekseli ambacho hakuna anayekiangalia. Sasa fikiria njia zetu: vumbi la simenti hapa kwetu, murramu nyekundu ukiacha lami, halafu mvua inageuza vyote kuwa tope. Brida inaziba. Presha ikikosa njia ya juu inasukuma penye unyonge, yaani kwenye midomo ya sili. Oili inapita hadi kwenye habu, yaani kitovu cha tairi, inaingia kwenye dramu ya breki na kulowesha viatu vya breki. Breki za namna hiyo usishuke nazo milima ya Kabale kuelekea Katuna.

Kuna tipa moja ya kubeba mawe iliyoletwa kwetu baada ya kubadilishiwa sili ya upande uleule zaidi ya mara moja kwingineko. Mwenyewe alikuwa na hasira, anasema sili za siku hizi zote ni feki. Nilimwambia asogee asikilize. Nilipoanza kulegeza brida, hewa ilitoka ikipiga mluzi, na gari lilikuwa limesimama muda mrefu. Ndani ya brida udongo ulikuwa umekauka hata sindano haipiti. Tulisafisha breki, tukaweka sili na brida mpya, na tangu hapo habu ile ni kavu.

Kwa hiyo kila gari likiingia kwa sevisi, fungua brida, ioshe kwa mafuta ya taa, ipulize. Isipopitisha hewa, nunua nyingine. Ni kitu cha bei ndogo sana. Na tafadhali, ndugu zangu, acheni kuziba tundu hilo kwa bolti. Nimeyatoa mabolti hayo kwenye malori ya watu wenye akili zao timamu.

Oili yenyewe watu wanaipima vibaya. Wengi wanachungulia chini, wakikuta pakavu wanaridhika. Wengine wanafungua plagi ya kupimia, wanaingiza kidole, kikigusa oili wanafunga. Hiyo haitoshi. Oili inatakiwa iwe sawa na ukingo wa chini wa tundu, karibu kumwagika. Kidole kinaweza kugusa oili iliyoshuka sana, na kwenye lori la difu mbili, upungufu kama huo unaumiza kwanza difu ya mbele, kwa sababu ndiyo yenye gia za juu zinazogawa nguvu kati ya ekseli mbili. Gari liwe mahali tambarare, liwe limepoa kidogo ili oili iteremke yote. Baadhi ya ekseli zina tundu jingine dogo karibu na lile la kujazia. Hilo ni la kipima joto, usipimie hapo.

Kumwaga ni kinyume chake: mwaga ikiwa bado na moto, itoke pamoja na uchafu wake. Kisha chukua ile plagi yenye sumaku, usiifute haraka. Ukungu laini wa chuma wa kijivu ni kawaida, gia zinasagana. Usugue kati ya vidole. Ukihisi vipande vinavyochoma, au ukiona kijisahani cha chuma kinachong'aa, usijaze oili mpya na kumruhusu dereva aondoke. Beringi au jino la gia limeshaanza kuachia. Oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Hii tunaiona sana kwa wanaoosha gari likiwa moto: ekseli inapoa ghafla, hewa ya ndani inajikunja, na brida ikiwa imeziba maji yanavutwa kupitia sili.

Kuhusu aina ya oili, fuata kitabu cha gari. Kwa malori mengi yanayopita hapa itakuwa GL-5 (daraja la oili ya gia), ya uzito wa 80W-90 au 85W-140. Pinioni na krauni, gia ndogo na gia kubwa za difu, hazikutani kwa kuviringika tu, zinateleza pia, tena kwa mgandamizo mkubwa; gari la ekseli 7 linaruhusiwa tani 56, na zote hizo zinavutwa na meno machache yanayogusana kwa wakati mmoja. Ndiyo maana GL-5 ina dawa ya kulinda chuma ambayo oili ya injini haina vya kutosha. Lakini usiichukue GL-5 hiyohiyo ukaimimina kwenye giaboksi kwa kuwa imebaki kwenye jerikeni. Giaboksi nyingine zina shaba ndani, na si kila GL-5 inapatana nayo.

Wenye malori ya Howo na magari mengine yenye gia kwenye habu, msisahau kwamba habu ina oili yake na plagi zake. Zungusha tairi hadi plagi ya kumwagia ielekee chini kabisa ndipo umwage. Halafu jaza hadi plagi ya pembeni. Nimeona watu wanabadilisha oili ya katikati kwa uaminifu mkubwa huku ya habu ni ileile iliyotoka nayo kiwandani.

Krosi za propela, viungo vya ile shafti inayoleta nguvu kwenye difu, ni kazi ya taniboi, na hapo ndipo uvivu unapojificha. Futa nipeli, pale pa kuingizia grisi, kwanza, la sivyo unasukuma mchanga ndani. Piga grisi mpaka mpya itokeze kwenye vikombe vyote vinne. Vitatu vikitoa na kimoja kikagoma, hicho ndicho kitakachokuacha njiani. Tikisa propela, piga tena. Kikiendelea kugoma, fungua.

Na madereva wa miwa upande wa Kakira na Lugazi: loki ya kati ya difu, inayofunga ekseli mbili zizunguke pamoja, iwekeni kabla tairi halijaanza kuzunguka bure kwenye tope, si baada. Mkipanda lami, itoeni. Tairi za ekseli mbili ziwe na kimo kinacholingana, maana zikitofautiana ile difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya ekseli hizo, haipumziki hata kwenye barabara iliyonyooka.

Mkishafungua habu za kawaida, zisizo na gia na oili yake, jambo moja linarukwa karibu kila gereji. Oili unayojaza katikati haifiki kwenye beringi za pembeni mara moja. Inua upande mmoja wa ekseli kwa jeki, sentimita 15 hivi, subiri dakika moja, shusha. Fanya hivyo upande wa pili. Liache lisimame sawa, fungua plagi tena. Utakuta imeshuka. Ongeza.

Dereva akiondoka hapa, namwambia asimame Bugiri asogeze mgongo wa mkono karibu na kila habu, bila kuigusa. Zote zitakuwa na joto. Moja ikiwa moto kuliko wenzake, ama beringi imekazwa kupita kiasi ama breki inashika. Asiimwagie maji. Aache ipoe yenyewe, atupigie simu.