Tabibu mpya, sonona huja zahanati kama maumivu ya mwili

Mgonjwa wa sonona (ugonjwa wa akili wa huzuni na kukata tamaa) anayefika zahanati ya Bahi au Chamwino ni nadra akwambie ana huzuni. Atalalamika kichwa, mwili kukosa nguvu, moyo kwenda mbio, usingizi kupotea. Kipimo cha malaria hasi, anapewa ya maumivu, anarudi na maneno yale yale. Ukikuta marudio hayo kwenye daftari lake, lisome upya kabla ya kuandika dawa nyingine. Wa presha, kisukari na CTC (kliniki ya wanaoishi na VVU) wanaoanza kuruka dozi nao waangalie hivyo hivyo.

Anza na maswali mawili kuhusu wiki 2 zilizopita: amekuwa na huzuni au kukata tamaa? Amepoteza hamu ya mambo aliyoyapenda? Akikubali hata moja, endelea na PHQ-9, dodoso la kupima sonona: maswali 9, kila moja alama 0 hadi 3. Jumla ikifika 10, kaa naye vizuri. Msindikizaji asubiri nje kwanza. Mbele ya mume au mama mkwe utajibiwa "sijambo" tu. Alama pekee hazitoshi: pima wingi wa damu, uliza pombe, msiba, uzazi wa karibuni.

Swali la 9, la kujiua, ndilo wageni wa kazi hulipita mbio. Uliza waziwazi: "Mama, kuna wakati unaona afadhali ufe?" Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akikubali, uliza amepanga nini na nyumbani kuna nini. Sumu ya kunyunyizia zabibu ndugu aiondoe leo hii. Mwenye mpango asiachwe peke yake hata dakika moja. Mpe rufaa na msindikizaji. Hospitali ya Mirembe, ya magonjwa ya akili, iko hapa hapa Dodoma.

Kabla ya dawa, uliza kama amewahi kuchangamka kupita kiasi, siku kadhaa halali wala hachoki. Huyo dawa za sonona zinaweza kumrudisha huko; mpe rufaa. Amitriptilini, dawa ya sonona, huanza miligramu 25 usiku, lakini mwenye ugonjwa wa moyo usimwanzishie. Ikimezwa nyingi kwa pamoja huvuruga mapigo ya moyo na kuua, kwa hiyo mwenye mawazo ya kufa mpe ya wiki 1 tu, atunze ndugu. Mwambie mapema: mdomo utakauka, atasinzia, na nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 2 hadi 4. Asipojua hilo ataiacha siku ya tano. Akipata nafuu aendelee miezi 9 hadi 12, kisha ipunguzwe taratibu.