Rejesho la nyumba limenishinda

SWALI: Anti, nyumba yangu ya Uyole niliiweka dhamana benki, sasa viazi vimeniangusha, afisa mikopo akipiga sipokei. Nifanyeje?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Kaka yangu pokea simu bwana! Halafu muandikie meneja wa tawi barua kuomba mkopo upangwe upya, ambatanisha taarifa ya akaunti na utaje kiasi unachoweza kulipa kila mwezi mpaka uvune, kiasi cha kweli sio cha kumfurahisha, nakala yako igongwe muhuri maana ahadi ya mdomo ya afisa, akihamishwa Iringa imekwenda naye. Wakirefusha muda rejesho linashuka ila riba ya jumla inapanda, omba jedwali jipya la marejesho kabla hujasaini. Notisi ya siku 60, ile ya benki kukutaka ulipe deni kabla haijauza dhamana, ikishafika, ukimya ndo unauza nyumba.