Usikate hizo kurasa za maua!

Mkuu nimekusoma, umeokota kitabu cha Chaucer (mshairi wa kale wa Uingereza), kile alichochapisha William Morris 1896, kwenye mitumba Mwanjelwa na unataka kukata kurasa zenye maua pembeni uweke fremu uuze. Tulia kwanza. Orijino za karatasi zilitoka 425 tu, nyingi zinazozunguka ni kopi za baadaye. Chukua lenzi uchungulie yale maua, ukiona vidoti vidoti ujue kopi, orijino ilichapwa kwa mashine ya mkono, ukipapasa unasikia herufi zimeuma karatasi. Selotepu usiguse kabisa, mi iliniachia doa la njano mpaka leo naumia. Na kwa unyevu wa huko kwenu Tukuyu usikiweke sakafuni, ukungu utakimaliza. Kikionekana orijino usimuuzie mtu kabla mtaalamu wa vitabu adimu hajakikagua.