"Bei ya mwisho, maalim": nianzie wapi kupatana bei ya gari yadini?

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nakaa Chake Chake. Nimejikusanyia milioni 14 na nataka gari mpya, Toyota IST. Mwezi uliopita nilivuka Unguja nikazunguka yadi tatu za magari. Ya kwanza wanataka milioni 16.5, ya pili 15.8, ya tatu 14.9. Kila nikiomba nipunguziwe jibu ni moja: "Hiyo bei ya mwisho, maalim." Yule wa 15.8 aliniambia nikimwachia arubuni ya milioni moja siku ile ile ataniwekea gari. Sikumpa, nikarudi na boti. Sasa nataka kwenda tena. Nianzie wapi kupatana, na hiyo arubuni nitoe?

JIBU: Waalaykumu salaam, maalim. Hongera kwanza kwa kurudi Pemba na milioni yako mfukoni. Mimi ni wakala wa forodha, magari nayatoa bandarini Malindi, Unguja, na wengi wa wateja wangu ni hao hao wenye yadi. Kwa hiyo nitakueleza hesabu inavyokaa upande wao wa meza. Wataninunia siku mbili tatu, kisha yatakwisha.

Tuanze na neno "mpya". IST Toyota walianza kuiuza 2002 na wakaacha kuiunda 2016, kwa hiyo IST mpya ya kiwandani haipo tena. Huku kwetu gari mpya ni ile ambayo haijavaa namba ya Zanzibar, na si vibaya kuiita hivyo, mradi ujue unachonunua. Mpya ya kiwandani kweli kweli huwa na bei iliyoandikwa, na ukibembeleza sana labda utapewa sevisi za bure. Hii ya yadi imetoka mnadani Japani, imenunuliwa kwa bei yake peke yake, imefika na hali yake peke yake. Hapo ndipo penye nafasi ya mapatano.

Ulipokosea ni hapa: ulisikia 15.8 ukaomba ishuke. Ukianza na namba ya muuzaji, chochote atakachokupunguzia kitaonekana hisani, nawe hutajua kama umepunguziwa au umepozwa. Na "bei ya mwisho" yadini ni kama "hujambo", kila anayeingia huambiwa. Wewe anza kutoka chini kupanda juu: gari hii imemfikia kwa shilingi ngapi?

Hilo si siri kubwa kama wanavyotaka uamini. Kaa hapo hapo Chake, fungua tovuti za wauzaji wa Japani kama BE FORWARD au SBT Japan, tafuta IST ya mwaka ule ule, injini ile ile, kilomita zinazokaribiana. Chagua bandari ya Zanzibar, au ya Dar es Salaam kama ya kwetu haimo, utaona bei pamoja na nauli ya meli na bima. Tazama tano au sita, usichukue moja tu. Zigeuze kwa bei ambayo benki inauzia dola siku hiyo, si ile inayonunulia. Wengi hukosea hapo.

Halafu ongeza kodi. Ushuru wa forodha kwa gari ya abiria ni asilimia 25, kwa utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa, na mwisho VAT. Zinapandana: VAT haitozwi kwenye bei ya gari peke yake, inatozwa kwenye bei pamoja na ushuru uliotangulia. Ukubwa wa injini na umri wa gari vinabadilisha hesabu. Tena forodha wana makadirio yao ya thamani, hawalazimiki kufuata risiti uliyowaletea. TRA, mamlaka ya mapato, wana kikokotoo mtandaoni cha magari yaliyotumika, kitakupa picha, lakini namba ya kuitegemea kwa Zanzibar mwombe wakala yeyote wa forodha akukadirie. Mpe mwaka, herufi za chesisi na ukubwa wa injini. Ni kazi ya dakika kumi, wengi hatutozi hata senti.

Tuseme, kwa mfano tu, hesabu yako imekuja milioni 13.2. Yadi anataka 15.8. Katikati pana milioni 2.6, na usidhani zote ni faida. Humo mna gharama za bandari, ujira wa wakala kama mimi, kodi ya kiwanja, mlinzi, na pesa zake zilizolala tangu alipolipa Japani. Ukimwambia akupe kwa 13 atakucheka, na ana haki. Lakini laki sita mpaka tisa zinaweza kutoka humo bila yeye kuumia, hasa kama gari imeshakaa. Na kumbuka mwenye yadi huwa ananunua mnadani kwa jumla, kwa hiyo mara nyingi imemfikia kwa chini ya hiyo namba yako. Hilo usimwambie, liweke moyoni tu.

Ukikaa naye, usiseme "punguza". Sema: "Bwana, gari kama hii, mwaka huu, kilomita hizi, mpaka itoke bandarini nimeona inasimama kwenye 13.2. Wewe una gharama na lazima ule. Nakupa 14, tumalize leo." Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Sisi watu wa visiwani tunaona haya mtu akinuna mbele yetu, tunajiongezea bei wenyewe ili mambo yawe mazuri. Acha anune. Mwache ataje yeye namba ya pili.

Sasa hizo bei zako tatu. Huenda si gari moja. IST ya umbo la kwanza ina injini mbili: chesisi ikianza na NCP60 ni ya cc 1298, NCP61 ni ya cc 1496. Umbo la pili, NCP110, lilianza 2007 na ni gari nyingine kabisa kwa bei. Kabla hujaipenda ile ya 14.9, andika herufi za chesisi na mwaka wa kila moja. Na mwaka usiupokee mdomoni mwa kijana wa yadi. Upo kwenye cheti cha Japani cha kusafirisha gari nje, tarehe ya usajili wa kwanza, na humo humo utakuta kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa mwisho wa kule. Ikiwa cheti kinasema elfu tisini na nane na dashibodi inasoma elfu sabini na mbili, maalim, toka nje taratibu.

Karatasi nyingine ni ya mnada. Wengi hawaiombi kwa kuwa imeandikwa Kijapani, lakini vya muhimu humo ni namba na herufi. Kuna alama ya jumla: 4.5 ni safi sana, 4 ni nzuri, 3.5 ni ya kawaida yenye michubuko yake, na R au RA ni gari iliyowahi kugongwa ikatengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni mahali palipopigwa bodi na rangi, na kila namba iliyo ubavuni mwa herufi ikipanda, dosari imekuwa kubwa. Gari ya R si haramu kuinunua; mimi mwenyewe niliendesha moja miaka sita. Ila ilinunuliwa rahisi kule, na muuzaji aliyeficha aibu ya mali anataka kukuuzia kwa bei ya 4. Ukiiona R, huna haja ya kubishana sana. Iweke karatasi mezani umwulize tu: "Na hii?"

Akisema karatasi ya mnada imepotea, inawezekana kweli imepotea. Basi bei nayo ipotee kidogo.

Matairi usiyasahau. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne, kwa mfano 1219: wiki ya 12 ya mwaka 2019. Magari mengi yanashuka melini na matairi yaliyozeeka, yanang'aa kwa kupakwa mafuta tu. Matairi manne, betri, oili na filta, hivyo ni vitu ambavyo muuzaji anakubali kukupa haraka kuliko kukata pesa, kwa sababu kwenye gereji yake vinamgharimu kidogo kuliko vitakavyokugharimu wewe. Akigoma kabisa kushuka chini ya 15, geuza mazungumzo yahamie huko. Na kwa wewe wa Pemba lipo jingine tamu zaidi: nauli ya kuivusha gari mpaka bandari ya Mkoani. Mwambie alipe yeye, kwake ni gharama moja ndogo kati ya nyingi.

Halafu uliza swali ambalo wewe kwenye barua yako hukuligusa: hiyo bei imelipiwa kodi? Nina mteja, bi mkubwa mmoja wa Bububu, aliuziwa gari na yadi nisiyoitaja, akaambiwa "kila kitu kimo". Alipokuja kwangu na makaratasi, gari ilikuwa bado iko chini ya dhamana ya forodha, kodi haijalipwa hata senti. "Kila kitu" maana yake ilikuwa redio na mazulia. Tulimaliza salama, lakini kwa milioni nyingine tatu na machozi. Kwa hiyo atamke, na aandike: ushuru na VAT vimo, usajili na namba vimo, bima imo au haimo. Bei mbili za yadi mbili huwezi kuzilinganisha mpaka ujue kila moja imebeba nini. Ile ya 16.5 ikiwa imevaa namba na bima, na ya 14.9 iko utupu, huenda ya ghali ni hiyo ya 14.9. Na kama siku moja unafikiria kuihamishia Bara, waulize TRA kabla ya kununua, si baada.

Dalali: ikiwa amekupeleka yeye, chake kimo ndani ya bei hata kama anaapa kuwa anakusaidia tu. Nenda mwenyewe. Chukua fundi, umlipe ujira wake wa siku umalize, usimwahidi asilimia, maana fundi wa asilimia haoni injini inayovuja.

Nakuja kwenye boti. Nadhani uliingia yadini na begi mgongoni, ukamwambia nimetoka Chake na narudi kesho asubuhi. Pale ulishamkabidhi rungu. Muuzaji anayejua kuwa una nauli moja na usiku mmoja hana sababu ya kupunguza, anangoja tu saa yako ya boti ifike. Safari hii panga siku tatu, fikia kwa jamaa, zunguka siku ya kwanza bila kununua, siku ya pili fundi akague, siku ya tatu ndiyo ya namba. Ukiweza nenda masika. Wenye magari ya watalii wanakuwa wametulia, pesa yadini ni chache, na mvua itakuonyesha bure gari inayovuja mlangoni. IST haifuati sana msimu kama Noah na Alphard, lakini mwenye yadi ni yule yule mmoja, anahitaji kuuza chochote.

Hujasema kama utaongezea kwa benki. Ikiwa utapitia murabaha, mfano kwa huduma ya Kiislamu ya PBZ, Benki ya Watu wa Zanzibar, benki ndiyo inainunua gari kisha inakuuzia wewe kwa faida inayojulikana. Patana na yadi kabla hajaandika profoma ya benki, yaani karatasi ya bei, kwa sababu faida ya benki itapigwa juu ya namba hiyo, na kila laki uliyoiacha itakufuata kila mwezi. Tena mkumbushe kuwa benki inamlipa yote kwa mkupuo. Kwake wewe ni mnunuzi wa taslimu.

Arubuni sasa. Usiitoe kabla hujaona cheti cha Japani na karatasi za kodi, na kabla fundi hajaipandisha gari juu akaitazama chini; chumvi na kutu ya chini huijui kwa kuzunguka. Ukishaona, milioni moja kwa gari ya 15 ni nyingi mno. Laki mbili au tatu zinatosha kuifanya iondolewe mbele ya wateja kwa wiki moja. Ilipwe kwenye akaunti ya kampuni, si kwenye simu ya kijana. Risiti iandikwe namba ya chesisi, bei kamili, vilivyomo kwenye bei, siku za kungoja, na kwamba inarudi yote ikiwa makaratasi hayakulingana na maneno. Mimi si shekhe, lakini wewe maalim utakuwa unajua kuwa kwa madhehebu yetu ya Shafi arubuni ya kuliwa mnunuzi akirudi nyuma haisihi. Mkumbushe muuzaji hilo kwa upole, huku unatabasamu. Wengine huona haya, wakairudisha.

Ukishapata herufi za chesisi na mwaka wa ile ya 15.8, niandikie kabla hujakata tiketi. Nitakukadiria ushuru wake, uvuke na namba yako mkononi.