Adhabu Nyepesi Ilivyonikosesha Kazi

Wiki hii msomaji ameniandikia: "Mwalimu, adhabu nyepesi kwa Kiingereza na Kireno nisemeje?" Swali lake limenitonesha kidonda.

Niliwahi kutafsiri, kutoka Kiingereza kwenda Kireno cha Brazil, maelezo ya mama aliyepigwa na mumewe. Mume alipata kifungo cha nje. Mama akasema hiyo ni "a slap on the wrist", kofi dogo la mkononi. Mimi, mbio mbio, nikaandika "pena leve", adhabu nyepesi. Mhariri aliirudisha na swali moja: hasira ya huyu mama umeipeleka wapi? Sikupewa kazi tena. Miezi kadhaa nilinung'unika kwamba maana ni ile ile.

Haikuwa ile ile. "Light sentence" ya Kiingereza na "pena leve" ya Kireno hata hakimu anaweza kuyatamka bila kinyongo. Anapima uzito tu. Lakini kofi dogo la mkononi husemwa na mtu anayeona mkosaji amebembelezwa. Kireno kina "puxão de orelhas", kuvutwa masikio, yaani karipio tu. Hilo ndilo lililokuwa likinisubiri, nikalipita.

Na Brazil jambo hili lina uchungu wake. Kuna wanaume waliowapiga wake zao wakaachiwa kwa kutoa "cesta básica", kapu la vyakula vya msingi. Sheria ya Maria da Penha, namba 11.340 ya mwaka 2006, ndiyo iliyokataza adhabu hiyo kwa ukatili wa nyumbani. Msomaji wa huko ana kumbukumbu hiyo kichwani, halafu mimi nampa "pena leve", baridi kama stakabadhi!

Kwa hiyo, ndugu yangu, kwanza jiulize nani anasema. Ukiwa mahakamani, kifungo cha nje cha Waingereza, "suspended sentence", ni "pena suspensa" Ureno, na Wabrazili husema "sursis". Adhabu ikizidi ulaini, Uingereza kuna neno la kisheria kabisa, "unduly lenient": tangu sheria ya mwaka 1988, Mwanasheria Mkuu anaweza kuipeleka Mahakama ya Rufani. Kireno utasema "branda demais", laini mno. Usichanganye na "acabar em pizza" ya Wabrazili, yaani kuishia kwenye pizza. Hapo kashfa imezimwa na hakuna aliyeadhibiwa.

Tena jiulize nani anasema! Hata neno "pena" lenyewe ni adhabu na ni huruma pia. Mfasiri asiyesikiliza sauti ya aliyeumia anamnyamazisha mara ya pili, na mimi nilifanya hivyo.

Leo ningemwandikia yule mama "não passou de um puxão de orelhas", haikuzidi kuvutwa masikio. Nimeiandika daftarini mara nyingi, ingawa maelezo yake yalishatafsiriwa upya na mtu mwingine.